Jinsi ya Kumshtaki Mwenye Nacho: Mwongozo kwa Mfugaji wa Olkaria

Sharti la kwanza ni kuishi. Kula mboga, lala mapema, na usikubali kubanwa watu wanne kwenye boda boda moja, kwa sababu kesi ya ardhi dhidi ya mwenye nacho humhitaji mlalamishi mwenye umri mrefu. Sitanii. Waendorois walianza kuondolewa kando ya Ziwa Bogoria mwaka 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwakatalia madai yao mwaka 2002. Mwaka 2003 walipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi wa kuwapa haki ukatangazwa mwaka 2010. Mtoto aliyetolewa pale akiwa mgongoni mwa mama yake aliusikia uamuzi huo akikaribia miaka 40, na malisho yalikuwa bado hayajarudi. Waogiek wa msitu wa Mau nao walishinda Arusha, katika Mahakama ya Afrika, Mei 2017. Fidia yao ilikadiriwa Juni 2022: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 kwa madhila. Miaka mitano ilipita kati ya kuambiwa kwamba wana haki na kuambiwa haki hiyo ni shilingi ngapi. Katika miaka mitano wazee huzikwa.

Nimeanza na umri kwa sababu wengi huanza na hongo. Ukiuliza kando ya Ziwa Naivasha kwa nini tajiri hushinda, utajibiwa kwamba hakimu amekula. Wako waliokula, na dawa ya hao ni fupi kueleza: usitoe, na uwaripoti. Mwongozo huu ni wa siku iliyo ngumu zaidi, siku ambayo hakimu ni mwadilifu, hajaonja chai ya mtu, amelisoma faili lako ukurasa kwa ukurasa, na bado umeshindwa. Siku hiyo ndiyo inayoniuma. Mwaka 1974 msomi wa sheria wa Marekani, Marc Galanter, aliandika makala akieleza kwa nini wenye nacho hutangulia mbele ya sheria. Hoja yake ni kwamba wako wanaokwenda kortini mara kwa mara na wako wanaokwenda mara moja maishani. Wa kwanza wanawajua makarani, wana wakili wa kudumu, huandika mikataba yao wakiifikiria kesi ya miaka kumi ijayo, na kesi moja ikiwaponyoka huihesabu kama gharama ya biashara. Wa pili ameleta kila alicho nacho, na tarehe ya kesi imegongana na siku ya kunywesha mifugo. Hapa kwetu naona tajiri humzidi maskini kwa vitu vinne: muda, karatasi, lugha na nauli. Vyote vinne vinaweza kupunguzwa makali, na hilo ndilo lengo la kurasa hizi.

Ukishajihakikishia uhai, hakikisha kwamba upo. Usicheke. Babu zetu wa nyanda hizi waliwahi kuambiwa na korti kwamba hawapo, angalau si kwa namna iliyowaruhusu kushtaki. Agosti 1904 Olonana na viongozi wenzake waliweka alama kwenye mkataba na serikali ya Uingereza. Wamaasai wakaliachia Bonde la Ufa, pamoja na nyasi za Naivasha na Nakuru, wakagawanywa: wengine Laikipia, wengine kusini, kwa ahadi kwamba huko watakaa maadamu kabila lao lipo duniani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Lord Delamere alikuwa amekodishwa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Ahadi ya Delamere ilidumu. Ya Wamaasai ilidumu miaka saba: mwaka 1911 uliandikwa mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakaanza kuswagwa kwenda kusini, watu na ng'ombe wakifia njiani.

Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa hao wa Laikipia, na wenzake walikuwa na morani na mikuki, na wangeweza kuchagua njia hiyo. Walichagua wakili. Mwaka 1912 walifungua kesi, ile inayojulikana kama Ole Njogo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, wakitaka Laikipia yao na fidia ya mifugo iliyokufa. Mwaka 1913 Mahakama Kuu huko Mombasa iliitupa. Haikusema kwamba wanadanganya. Ilisema kwamba mikataba ile ni makubaliano kati ya mataifa mawili, Uingereza na Wamaasai, na kwamba mahakama ya kawaida haiwezi kuyaingilia mambo ya mataifa. Rufaa ikaamuliwa vivyo hivyo Desemba mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, Mmaasai alikuwa mtawaliwa alipotozwa kodi ya kibanda, na mgeni wa taifa jingine alipodai ardhi yake. Daktari mmoja Mwingereza aliyewasaidia, Norman Leys, alihamishiwa Nyasaland. Mwaka 1915 sheria mpya ya ardhi ya Mfalme iliwaruhusu walowezi kukodi mashamba kwa miaka 999. Nimesoma habari za kesi hii mara nyingi na hasira haijapungua, kwa sababu kila hatua ilifuatwa, kila karatasi ilipigwa mhuri, na hakuna aliyehitaji kumhonga mtu.

Kwa hiyo, jisajilini. Kampuni husajiliwa kupitia mtandao kwa siku chache, na tangu hapo inakuwa mtu kamili mbele ya sheria, mtu asiyezeeka wala kuugua. Jamii iliyochunga mahali kwa vizazi inatakiwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iitishe mkutano, ihesabu watu wake, na ichague kamati ya watu 7 hadi 15 ndipo isajiliwe. Ni kazi, na mkutano mkuu unahitaji thuluthi mbili ya wanajamii, jambo gumu msimu wa ukame ambapo nusu ya vijana wako Narok na ng'ombe. Ifanyeni hata hivyo, msimu wa mvua watu wakiwa nyumbani. Sheria hiyo haitawarudishia shamba ambalo tayari lina hati ya mtu mwingine, lakini itawapa jina la kuitwa kortini, na jina hilo halitakufa na mzee mmoja.

Karatasi ndizo zitakazokuchosha kuliko yote. Tajiri ana kabati la faili na mtu anayelipwa kulifungua. Wewe anza leo kuweka kila kitu: kadi za kliniki za watoto zenye jina la kijiji, barua za chifu, risiti za dawa ya mifugo, ripoti za shule ya msingi, picha za makaburi na za boma zenye tarehe. Ziweke mahali pawili, nakala moja kwa ndugu anayeishi mbali na moto. Nitaeleza habari ya moto baadaye.

Jambo moja la karatasi linataka tahadhari ya pekee. Sheria ya Kenya inasema mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi kwa miaka 12, bila ruhusa yake na bila kusumbuliwa, anaweza kuidai kuwa yake. Wafugaji wengi husikia hayo na kufurahi, kwani wamekaa zaidi ya miaka 12 mara kadhaa. Sasa lisikilize lile neno "bila ruhusa". Wewe ni mtu uliyelelewa vizuri. Ukiingiza ng'ombe karibu na uzio wa jirani mwenye ranchi, unapita kumsalimia meneja. Mvua ikinyesha vyema unampelekea mbuzi wa shukrani. Basi siku ya kesi wakili wa ranchi atasimama akuulize kwa upole, "Mzee, si ulikuwa ukiomba ruhusa kila mwaka?" Nawe, kwa kuwa hukufunzwa uongo, utajibu ndiyo. Hapo umekuwa mgeni aliyekaribishwa, na mgeni hawezi kudai nyumba. Mbuzi wako amegeuka shahidi wa upande wa pili. Mvamizi mkaidi asiyemsalimu mtu angekuwa na kesi nzuri kuliko yako, na mimi naona sheria inayomtuza mkaidi kuliko muungwana ina kasoro ya utu. Lakini ndiyo iliyopo. Basi kabla ya kumpelekea yeyote mbuzi, kaeni na wakili, na mjue kama jamii yenu inadai ardhi ile au inaiomba.

Lugha. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za madai inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza. Katika mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kimaa hakimo. Huko juu, ambako kesi kubwa za ardhi huishia, nyanya aliyezaliwa hapa atakaa kwenye benchi la mbao akisikiliza boma lake likijadiliwa asubuhi nzima kwa lugha asiyoielewa, kisha watu watasimama wote, naye atasimama, na atamuuliza mjukuu wake, "Wamesema nini?" Mjukuu atasema, "Imeahirishwa, Koko." Hiyo ndiyo haki yake ya kusikilizwa.

Dai mkalimani kwa sauti tangu siku ya kwanza. Katika kesi ya jinai Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Katika kesi ya madai, mwambie karani mapema, na umkumbushe wakili wako, kwa sababu mkalimani wa Kimaa hatokei tu kama maji ya mvua. Na nje ya korti, kwenye mikutano ya kampuni na serikali inayofanyika chini ya mti na kumalizikia kwenye soda, usiweke alama ya kidole kwenye karatasi ambayo haijasomwa yote kwa Kimaa mbele ya mashahidi. Wakisema ni orodha tu ya waliohudhuria, iandike wewe mwenyewe juu ya ukurasa: hii ni orodha ya waliohudhuria, hatujakubali lolote.

Olkaria inajua thamani ya ushauri huo. Umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa hapa mwaka 1981. Hifadhi ya Hell's Gate ilitangazwa mwaka 1984. Kila kilichokuja kilikuja na ramani yake, na katika ramani hizo boma zetu zilionekana kama nafasi tupu. Mradi wa Olkaria IV ulipofika, vijiji vinne, yaani Olo Nongot, Olo Sinyat, OloMayana Ndogo na kile cha Cultural Centre ambako akina mama waliwauzia watalii shanga, vilihamishwa mwaka 2014 na kupelekwa kwenye eneo la ekari 1,700 hivi linaloitwa RAPland. Jina hilo linatokana na herufi za kwanza za jina la Kiingereza la mpango wa kampuni wa kuhamisha watu. Watu wamehamishiwa ndani ya kichwa cha waraka, na leo watoto wanazaliwa humo. Kituo kilizinduliwa Oktoba mwaka huohuo, megawati 140.

Walichofanya baadhi ya wakazi hao ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote katika mwongozo huu, kwa hiyo nitakaa nacho. Tafuta fedha zilikotoka. Mwenye nacho wa Olkaria hakujenga kwa fedha za mfukoni. Wakopeshaji wake walikuwemo Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na benki hizo zimejiwekea kanuni kuhusu watu wanaohamishwa, pamoja na ofisi za kupokea malalamiko pale kanuni zinapovunjwa. Kulalamika huko hakuna ada ya kufungua faili, hakuhitaji wakili, na ukishindwa hulipishwi gharama za mshindi. Mwaka 2014 wakazi wakaandika. Walilalamikia nyumba, barabara, hati ya ardhi, makorongo yanayoikata nchi waliyopewa, na familia zilizoachwa nje ya hesabu. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuja likatembea, na mwaka 2015 lilitoa ripoti iliyoona kwamba benki haikuzifuata kanuni zake kwa mambo kadhaa, yakiwemo Kimaa kutotumiwa vya kutosha katika mashauriano na wazee wa jamii kutoshirikishwa ipasavyo. Ukafuata upatanishi kati ya jamii na KenGen, kampuni yenye mradi huo, na mwaka 2016 yakatiwa saini makubaliano.

Haikuwa korti na haikutoa hukumu. Hakuna aliyerudishiwa Olo Nongot. Lakini tazama kilichobadilika: kwa mara ya kwanza nauli ilikuwa juu ya yule wa upande wa pili. Watu wa benki ndio waliopanda ndege kuja kukaa kwenye vumbi na kusikiliza, na wao ndio waliotafuta mkalimani. Pale muda, karatasi, lugha na nauli vilipopungua uzito, mfugaji alisikika. Ushahidi wake ulikuwa uleule ambao angeupeleka Nakuru. Kwa hiyo, kabla ya kukimbilia kortini, tafuta ubao wa mradi ulioandikwa majina ya wafadhili, upige picha. Kama hakuna ubao, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo huipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Na kama ni leseni ya mazingira inayokuumiza, Baraza la Rufaa la Mazingira lina siku 60 za kupokea rufaa yako. Zihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, maana watu wengi husikia habari za leseni siku tingatinga linapofika.

Kwa aliyeamua kwenda kortini kabisa, kuna ada, na kuna njia ya kuikwepa inayoitwa kesi ya maskini. Imo kwenye Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 33. Huna ada? Utaruhusiwa kushtaki bila ada, mradi uthibitishe kwamba u maskini. Unatakiwa uambatanishe orodha ya mali yako yote, inayohamishika na isiyohamishika, na thamani ya kila kitu. Haya, andika: mbuzi 11, sufuria, godoro, simu yenye kioo kilichopasuka. Ukiandika mbuzi wengi, huenda ukaambiwa uuze. Ukiandika wachache, wakili wa upande wa pili anaweza kukuhoji juu yao. Na ardhi, je? Ardhi ndiyo unayoidai. Ukiiandika kuwa ni yako si maskini tena, na ukiiacha utaulizwa kwa nini unadai kisicho chako. Mfafanulie hakimu hilo waziwazi kwenye hati ya kiapo: mali ninayoidai sijaipata, ndiyo maana nipo hapa. Tajiri haombwi na mtu yeyote athibitishe utajiri wake kabla ya kuingia mlango uleule.

Zipo njia nyepesi zaidi. Kesi ya kudai haki zilizomo kwenye Sura ya Nne ya Katiba haitozwi ada ya kuifungua. Kifungu cha 22 kinasema hivyo, nawe kionyeshe kwa kidole dirishani. Lori likigonga ng'ombe wako na dai ni chini ya shilingi milioni moja, iulizie Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 na hukuruhusu ujisemee mwenyewe. Iko pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya mwaka 2016. Ni changa na ina kazi nyingi, lakini iombe, kwani wasipohesabiwa waombaji haitaongezwa fedha.

Na fanyeni mchango. Kwenye harusi na matanga hatukosi kuchanga. Kesi nayo ina haki ya daftari lake. Kutoka Olkaria ni boda boda hadi barabara ya Moi South Lake, kisha matatu hadi Naivasha, na Nakuru iko kilomita 70 hivi mbele. Hiyo ni nauli ya mtu mmoja, siku moja, ambayo kesi inatajwa tu kisha inasogezwa. Daftari liandike pia nani atachunga ng'ombe wa shahidi akiwa safarini. Kesi nyingi za wafugaji hufa hapo, siku ambayo shahidi hakufika kwa sababu ndama alikuwa anazaliwa.

Sasa habari ya moto. Ukifungua kesi, usidhani dunia imesimama kuisubiri. Kesi ya Wamaasai dhidi ya ranchi ya Kedong, shamba la ekari 75,000 hivi, ilifunguliwa Nakuru mwaka 2010. Julai 2013, mgogoro ule ukiwa bado unatokota, nyumba za wafugaji zilichomwa huko Narasha, kwa mamia. Nyumba ya mfugaji ndiyo kabati lake la faili. Kadi za kliniki na ripoti za shule huteketea na paa. Ndiyo maana nikasema nakala ikae kwa ndugu. Na ndiyo maana ombi lako la kwanza kabisa, siku ileile ya kufungua kesi, liwe amri ya zuio: mtu asijenge, asibomoe, asiuze, asihamishe, mpaka kesi iamuliwe. Korti inaweza kukutaka uahidi kulipa hasara ya mwenye nacho endapo zuio litaonekana halikustahili. Uulize kiwango, na ueleze kwa nini huna. Bila zuio, muda ni mali ya yule anayeendelea kuchimba.

Kuhusu kesi za jinai nitakuwa mfupi, kwa kuwa ushauri ulio bora ni kuziepuka, nao si rahisi kwa mtu anayeuza mahindi ya kuchoma bila leseni. Mwaka 2017 Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilitoa ukaguzi wa mfumo wa jinai wa Kenya, na ukaguzi huo ukaona kwamba mfumo unawaelemea maskini: wengi wanaoingizwa ndani yake ni wa makosa madogo kama biashara bila leseni, ulevi na fujo. Ukikamatwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakataza kukuweka rumande. Sema hayo hata ukitetemeka, hata kama hakimu ana washtakiwa 30 wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Lakini siwezi kuandika kuhusu jinai katika kaunti hii nikalipita shamba la Soysambu kimya. Aprili 2005 Tom Cholmondeley, kitukuu wa yule Lord Delamere wa Njoro, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, Mmaasai. Alisema alidhani ni mwizi. Alishtakiwa kwa mauaji, na mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliiondoa kesi. Haikusikilizwa. Mei 2006, katika shamba hilohilo, Cholmondeley alimpiga risasi Robert Njoya, fundi wa mawe. Mara hii kesi ilisikilizwa, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kifungo kilikuwa miezi minane, juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Miaka mitatu rumande si kitu kidogo, na jaji alitoa sababu zake. Lakini mjane wa kwanza hakupewa hata nafasi ya kuzisikia sababu, na kama kesi yake ingesikilizwa mwaka 2005, pengine huyo wa pili asingekuwa mjane.

Hili moja limebadilika, na litumie. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 157, Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inaipa familia sauti. Basi siku upande wa mashtaka unapoomba kuondoa kesi, jazeni korti. Vaeni shuka zenu. Mmoja wenu asimame aseme, "Mheshimiwa, sisi ni familia ya marehemu, na tunapinga."

Tuseme sasa umeshinda. Umeishi, umesajiliwa, mbuzi hakukusaliti, na hakimu amesoma hukumu kwa upande wako. Nenda ukasherehekee, lakini ng'ombe wa sherehe awe mdogo, kwa sababu kazi haijaisha. Kama uliyemshinda ni mtu binafsi au kampuni, unaweza kuomba mali yake ikamatwe. Kama ni serikali, sheria ya kesi dhidi ya serikali, kifungu cha 21, haikuruhusu kukamata chochote chake, hata kiti cha plastiki. Mfugaji akidaiwa na serikali, mbuzi wake wanaweza kupigwa mnada. Serikali ikidaiwa na mfugaji, anasubiri bajeti. Waendorois wanalijua hilo, Waogiek wanalijua.

Kwa hiyo, asubuhi inayofuata hukumu, kabla sauti haijakauka kwa nyimbo, panda matatu urudi kwenye sajili ya mahakama. Omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa mhuri. Omba cheti cha amri dhidi ya serikali, ukipeleke kwa afisa mhasibu wa wizara husika, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akinyamaza, rudi Mahakama Kuu uombe amri ya kumlazimisha alipe. Akiidharau hiyo nayo, omba aitwe yeye mwenyewe kueleza kwa nini asifungwe. Beba daftari la mchango, maji, na kijana wa kidato cha nne anayeweza kusoma Kiingereza cha korti, na mfike dirishani kabla ya saa mbili, maana foleni huwa ndefu.